Risala ya Wasomaji na Waandishi wa Gemu za Hadithi wa Tunduma na Mkoa wa Songwe

KWA: Watengenezaji wa gemu za hadithi, wachora ramani, na kila anayechagua picha ya kuweka nyuma ya maneno.

YAH: RAMANI ZINAZOBADILIKA MAHALI NCHI HAIBADILIKI, NA KUGANDA MAHALI NCHI INABADILIKA

Waheshimiwa,

Sisi ni wakazi wa Tunduma, Mlowo, Vwawa na vijiji vya jirani tunaopenda gemu za kusoma, zile ambazo hadithi inakufikisha njia panda, inakuuliza utafanya nini, nawe ukiandika au ukigusa jibu inaendelea kwa kufuata ulichoamua. Baadhi yetu tunazitunga wenyewe. Tunazicheza kwenye foleni ya malori kwa sababu foleni yetu ina nafasi ya kutosha kumaliza hadithi ndefu na kuirudia kwa njia nyingine. Anacheza utingo, anacheza wakala wa forodha anayesubiri karatasi zitoke, anacheza kijana wa kubadilisha kwacha pale biashara inapolala.

Siku hizi gemu nyingi za aina hii zinawekewa ramani nyuma ya maandishi, na ramani hiyo hubadilika kila mchezaji anapohama. Wazo lenyewe tunalipenda. Anayesoma kwenye kioo kidogo cha simu hupotea upesi, na picha nzuri humkumbusha alipo bila kumkatiza. Malalamiko yetu ni juu ya namna wazo hilo linavyotekelezwa hadithi inapofika kwetu.

Tuanze na mpaka, maana ndiko tunakoishi. Tumecheza gemu moja ya dereva anayetoa shaba Kongo kuipeleka bandarini Dar es Salaam. Upande wa Nakonde, mji wa Zambia unaopakana nasi, ramani ya nyuma ilikuwa ya udongo mwekundu, yenye barabara na nyumba. Hatukuwa na neno. Dereva akaamriwa avuke. Papo hapo nyuma ya maandishi ikaja mbuga ya njano, mti mmoja wa mgunga, jua linazama, na twiga. Twiga, waheshimiwa! Tunduma, mahali ambapo kitu kirefu kuliko vyote ni kontena lililopandishwa juu ya kontena.

Aliyeweka picha ile alifikiri hivi: nchi mpya, picha mpya. Hesabu hiyo inaonekana sahihi ukiwa mbali. Ukiwa hapa unajua kwamba mstari unaotenganisha Tunduma na Nakonde ulipimwa na tume ya Waingereza na Wajerumani mwaka 1898, kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, na kwamba nyasi hazikuarifiwa. Udongo wa huku ndio wa kule. Mahindi ni yale yale. Kinyamwanga kinasikika pande zote mbili, na Kiswahili kinanunua nyanya Nakonde bila shida. Bibi akifariki ng'ambo, msiba unakaa huku pia.

Kinachobadilika ukivuka ni kile kilicho mikononi mwa serikali. Saa, kwanza. Tunduma ikiwa saa 2 asubuhi, Nakonde ni saa 1. Simu nyingi hujirekebisha zenyewe, na zikishika mnara wa upande wa pili hujirekebisha hata kama mwenye simu hajainuka kitini, ndiyo maana hapa mtu akikupa ahadi unamuuliza ni saa ya wapi. Inabadilika fedha, shilingi na kwacha. Inabadilika sare ya polisi na bendera. Tangu Oktoba 2019, kituo cha pamoja cha mpakani kilipozinduliwa na Rais Magufuli na Rais Lungu, maofisa wa nchi zote mbili wanafanya kazi chini ya paa moja, kwa hiyo hata ule utaratibu wa zamani wa kukaguliwa mara mbili katika majengo mawili tofauti hauwezi tena kuonyeshwa na gemu inayodai kwamba hadithi yake ni ya leo.

Kwa hiyo dai letu la kwanza, na ndilo lililo mama wa mengine: picha ya ardhi ibadilike pale ardhi inapobadilika, na mstari wa serikali ubadilishe mambo ya serikali. Mchezaji akivuka Tunduma kwenda Nakonde, iacheni ramani ya nyuma kama ilivyo. Rudisheni saa nyuma kwa saa moja, geuzeni fedha mfukoni mwake, badilisheni bendera juu ya kioo. Mwandishi mwerevu atapata hadithi nzima katika saa hiyo moja. Mtu aliyechelewa miadi Tunduma na akawahi Nakonde ni mhusika wa kutosha, hahitaji twiga.

Ardhi inabadilika wapi basi? Inabadilika ndani ya mkoa wetu, tena kwa kishindo, na huko ndiko gemu zinakoganda. Uwanda wa Mbozi uko juu, unapita mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, nchi ya kahawa na mahindi, asubuhi za Juni na Julai za kuvaa sweta. Shuka kuelekea Kamsamba, au upande wa Mkwajuni na Galula, na unaingia Bonde la Ufa, kuelekea Ziwa Rukwa lililo mita 800 hivi tu. Joto linakupokea njiani kabla hujafika. Miti inakuwa mingine, mazao yanakuwa mengine, Kamsamba wanalima mpunga. Nenda upande mwingine, pinda Mpemba ufuate barabara ya Isongole, na unapanda milima ya Ileje yenye baridi na ukungu, hadi Mto Songwe unaotutenga na Malawi. Mtu anaweza kunywa chai kwa baridi Itumba na kulala bila shuka Kamsamba, na kwenye gemu tulizocheza sehemu zote hizo ziko nyuma ya picha moja, ile ile ya mgunga. Imevishwa kila mahali kama sare ya shule.

Hapa kuna kisa cha jina ambacho lazima tukieleze kwa urefu, kwa sababu kimewaponza wengi. Gemu nyingi huchagua picha kwa kusoma jina la mahali: hadithi ikitaja jina, programu inaenda ghalani na kuchukua faili lenye jina hilo. Sasa chukua jina Songwe. Kuna Mkoa wa Songwe, ulioanzishwa 2016 kwa kumegwa kutoka Mbeya, makao makuu yake Vwawa. Ndani ya mkoa huo kuna Wilaya ya Songwe, ambayo haina Vwawa wala Tunduma. Makao yake ni Mkwajuni, nchi ya wachimbaji wadogo wa dhahabu. Kuna Mto Songwe unaokwenda Ziwa Nyasa na ambao ni mpaka wa Tanzania na Malawi. Kuna Mto Songwe mwingine unaomwaga maji yake upande wa Rukwa. Halafu kuna Uwanja wa Ndege wa Songwe, ulioanza kutumika Desemba 2012, na huo hauko Mkoa wa Songwe hata kidogo, uko Mbeya. Katika gemu moja mchimbaji alishuka shimoni kutafuta dhahabu, na nyuma yake ikawekwa njia ya kurukia ndege. Tulicheka, lakini kicheko hicho kilimwua mhusika. Hakuna aliyemwamini tena hata alipoangukiwa na mwamba.

Tunadai picha zisichaguliwe kwa jina tupu. Kila mahali katika hadithi papewe namba yake au kitambulisho chake, na kitambulisho hicho ndicho kiitwe na picha. Pia ramani ya nyuma iandikwe mwaka. Mwandishi anayetunga hadithi ya 1975, reli ya TAZARA inakamilika, akiweka ramani yenye Mkoa wa Songwe amekosea kwa miaka arobaini na ushee. Akitunga hadithi ya leo juu ya ramani isiyo na mkoa wetu, ametufuta. Makosa yote mawili yamo kwenye gemu za sasa.

Mtatuambia kwamba haya ni mapambo tu, maneno ndiyo hadithi. Tunawakumbusha mlikotoka. Gemu iliyoanzisha sanaa hii, Colossal Cave Adventure, iliandikwa katikati ya miaka ya 1970 na Will Crowther, mtaalamu wa kompyuta ambaye pia alikuwa mtu wa mapango. Yeye na mkewe wa wakati huo, Patricia, walipima mapango ya Kentucky kwa kamba na dira, na Patricia alikuwa katika msafara uliogundua Septemba 1972 kwamba mfumo wa Flint Ridge umeungana na Mammoth Cave. Crowther alipoketi kutunga mchezo, aliingiza sehemu ya pango alilolipima. Maneno yake yalikuwa machache na hayakuwa na picha hata moja, lakini chini yake kulikuwa na vipimo. Picha zilikuja baadaye: Mystery House ya Ken na Roberta Williams mwaka 1980, kwa michoro ya mistari mitupu, na Zork Zero ya kampuni ya Infocom mwaka 1988, ambayo iliyazungushia maandishi fremu iliyochorwa, na fremu ikabadilika kufuata aina ya mahali, ndani ya kasri iwe hivi, chini ya ardhi iwe vile. Angalieni busara ya hao wa 1988. Hawakuchora picha kwa kila chumba. Waligawa nchi yao ya kubuni katika kanda, wakaipa kila kanda sura. Sisi tunaomba kanda nne tu: uwanda wa Mbozi, bonde la Rukwa, milima ya Ileje, na mji wa mpakani. Programu ya kutungia gemu hizi iitwayo Inform, anayoitengeneza Graham Nelson, ina kanda ndani yake tangu zamani. Hamhitaji kubuni kitu.

Na msituambie kwamba wenye fedha nyingi hawafanyi makosa ya namna hii. Resident Evil 5 ya kampuni ya Capcom, iliyotoka 2009, imewekwa katika mji wa kubuni uitwao Kijuju, Afrika Magharibi, na maadui wanaokujia na mashoka wanapiga kelele kwa Kiswahili. Tumewasikia. Wanazungumza vizuri kuliko tulivyotegemea, ila wako upande usio wao wa bara.

Tuingie jikoni kidogo, kwa walio wajenzi. Katika Twine, programu nyingine ya kutungia aliyoianzisha Chris Klimas mwaka 2009, kila ukurasa wa hadithi unaweza kupewa lebo, na karatasi ya mitindo husoma lebo na kubadilisha mandharinyuma. Ni njia rahisi na wengi wetu tulianzia hapo. Ubaya wake unaonekana mchezaji anapofungua begi lake. Ukurasa wa begi hauna lebo ya mahali, kwa hiyo picha inarudi kwenye ile ya msingi, na ile ya msingi mnaijua: mgunga. Mtu yuko Mlowo sokoni, anafungua begi kutoa noti ya elfu tano, anajikuta mbugani. Anafunga begi, anarudi Mlowo. Mazungumzo ndiyo yale yale, kila anaposalimiana na mtu anasafiri. Dawa yake si ngumu: mahali alipo mchezaji pahifadhiwe katika kigezo chake, kibadilike pale tu anaposafiri kweli, na picha ifuate kigezo hicho badala ya ukurasa.

Walio upande wa Glulx, mfumo unaoendesha gemu za Inform, wana ugonjwa wao. Mchezaji akitengua hatua au akifungua mchezo aliouhifadhi, hali ya hadithi inarudi nyuma, lakini dirisha la picha halirudi lenyewe. Lazima mjenzi aamuru lichorwe upya. Wengi wanasahau. Kwetu matokeo yake ni mtu ambaye maneno yanasema yuko Tunduma ilhali picha imebaki Mbeya mjini. Tunadai kila gemu ijaribiwe kwa kutengua hatua kabla ya kutolewa. Mtu akae chini, aende, arudi, aende, arudi, mpaka achoke.

Kuhusu majira, tuseme kwa ufupi. Kwetu mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia Novemba hivi mpaka Aprili, na kiangazi kinashika iliyobaki. Uwanda wa Mbozi wa Januari ni kijani kinachoumiza macho. Wa Septemba ni kahawia, vumbi na alama nyeusi za moto wa mashambani. Hadithi ikitaja mwezi, ramani ya nyuma iufuate. Hamhitaji picha kumi na mbili. Ramani moja inatosha, ikifunikwa rangi nyepesi inayobadilika, kijani au kahawia, na ya giza usiku. Njia hiyo inatunza bando pia. Tunacheza kwa bando la siku, na picha nzito moja inaweza kula kilichobaki cha kumpigia mtu nyumbani. Uzuri wa Twine ni kwamba gemu nzima inaweza kuwa faili moja, mtu akamrushia mwenzake simu kwa simu, ikafunguka bila intaneti. Picha mnazoziacha mtandaoni zinauharibu uzuri huo, kwa sababu faili inafika na mandharinyuma haifiki. Wekeni picha ndani ya faili, na ziwe ndogo.

Tena maandishi yasomeke juani. Bodaboda anasoma chini ya jua la saa saba, si katika chumba cha giza cha mbunifu. Na wasioona, ambao ni miongoni mwa wapenzi wa zamani kabisa wa gemu hizi kwa kuwa simu au kompyuta inaweza kuwasomea, hawaioni ramani yenu hata iwe nzuri vipi. Jambo lolote ambalo picha ya nyuma inalifichua, mlango, njia, moshi mbali, liwe limetajwa na maneno vilevile.

Sasa tufikie jambo gumu, ambalo hata sisi wenyewe tulibishana. Tumedai ukweli wa ardhi. Lakini pale mpakani, pembeni ya geti, kuna njia za panya, na kila mtu anajua zipo. Wapo wanaozipita kwa magendo. Wapo pia akina mama wenye ndoo ya nyanya na watoto wanaokwenda kwa shangazi. Mwandishi mmoja wa kwetu alitaka njia hizo zichorwe kwenye ramani ya gemu yake vilevile zilivyo, kona kwa kona, kwa hoja kwamba Crowther alichora pango lake hivyo. Wengine tulikataa. Pango halina mtu wa kukamatwa. Ramani sahihi ya njia ya mtu maskini inaweza kutoka kwenye gemu ikafika kwa yeyote, na mwenye ndoo ya nyanya hakuulizwa. Kwa hiyo tunaweka ubaguzi mmoja katika dai letu: vilima, mito, barabara kuu, stesheni, soko, vichorwe kwa kweli, vijia vya watu vibuniwe. Msomaji aelewe kwamba vipo, asiweze kuvifuata. Yule mwenzetu bado hajakubali, na tumeona ni haki kulisema hilo ndani ya risala hii.

Mtauliza ramani bora mtaitoa wapi. OpenStreetMap ipo tangu 2004 na inatumika bure, mradi wachangiaji watajwe. Tunadai watajwe ndani ya gemu, si kwenye ukurasa ambao hakuna anayeufungua. Dar es Salaam ilipata bahati ya mradi wa Ramani Huria kuanzia 2015, wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi wakachora mitaa, mifereji na maeneo ya mafuriko, wakisaidiwa na ndege zisizo na rubani. Mwaka 2022, kabla ya Sensa ya Agosti, operesheni ya anwani za makazi ilipeleka namba kwenye nyumba na majina mitaani nchi nzima. Majina hayo yapo. Majengo, Sogea, Maporomoko, Kaloleni na Chapwa ni kata za kweli za Tunduma, na hakuna sababu gemu iandike "mtaa wa mabanda" juu ya mojawapo. Kwa serikali yetu tunaomba jambo moja: zile karatasi za zamani za ramani za kipimo cha 1:50,000, zenye vilima na mito iliyochorwa kwa mkono mzuri, zipatikane katika ofisi za ardhi za mkoa kwa nakala za kidijitali na kwa bei ambayo mwanafunzi wa sekondari anaweza kuilipa.

Mkitaka picha ambayo hakuna kwingine duniani mtakayoipata, nendeni Mbozi kwenye kimondo. Ni bonge la chuma lenye urefu wa mita tatu hivi na uzito unaokadiriwa kufika tani 12 au zaidi. Liliingia kwenye vitabu vya wageni mwaka 1930, baada ya mpima ardhi aitwaye W. H. Nott kulikuta akiwa kazini. Wenyeji walikuwa nalo siku zote. Gemu inayotaka kituo chake cha siri, kaburi la nyota, chochote, inacho tayari, si mbali na barabara kuu ya Tunduma na Mbeya, nasi mpaka leo hatujaliona nyuma ya mstari wowote wa hadithi.

Tuko tayari kupiga picha hizo wenyewe, za kanda zote nne, kiangazi na masika, na kuzitoa kwa sharti kwamba zitumike mahali palipoandikwa na si pengine, na aliyezipiga atajwe. Tuko tayari pia kuzicheza gemu zenu kabla hazijatoka na kuwaambia mlipokosea, kwa malipo ya bando. Atakayepuuza tutaendelea kumcheza, kwa kuwa foleni haiishi, lakini tutawasimulia wenzetu wa Nakonde alichofanya, na huko itakuwa mapema kwa saa nzima.

Tunaomba kuwasilisha.